Rangi ya Mawe ya Zuhura

Wivu wa Dionisia ulianza Jumatatu moja ya mwezi wa Novemba, saa tatu asubuhi, mbele ya beseni la maji.

Beseni hilo lilikuwa limewekwa na Mwalimu Silvanus juu ya dawati karibu na dirisha, katika darasa la sita la shule moja ya Kiegei, wilayani Nachingwea. Ndani ya maji aliegemeza kioo cha kujitazamia, akakiinamisha taratibu mpaka jua lililopita dirishani likapiga kioo na kurudi ukutani. Hapo wanafunzi wakaona ukanda wa rangi: nyekundu, chungwa, njano, kijani, bluu, na mwishoni zambarau hafifu. Mwalimu akawaeleza kwamba rangi hizo hazikutoka katika maji wala katika kioo. Zilikuwamo siku zote ndani ya mwanga mweupe wa jua, zimechanganyika, na maji yalizitenganisha tu. Kitu tunachokiita chekundu, alisema, ni kitu kinachorudisha mwanga mwekundu machoni petu na kuumeza mwingine. Kwa hiyo kitu hakiwezi kuonekana na rangi ambayo mwanga wake haukukifikia.

Kisha akabandika ubaoni picha kubwa ya sayari ya Zuhura, ile ambayo wazee huiita ng'andu, inayong'aa kabla ya mapambazuko. Picha ilipigwa na chombo kilichotua huko zaidi ya miaka arobaini iliyopita, kikadumu kama saa mbili tu kabla ya kuharibiwa na joto. Ilionesha ardhi ya mawe bapa yaliyopasuka, na chini yake ukingo wa chombo chenyewe. Kila kitu kilikuwa na rangi ya chungwa.

Jumamosi ya wiki iliyofuata shule za msingi zingekutana Ruangwa kwa maonesho ya sayansi, na kila shule ingepeleka msemaji mmoja. Mwalimu Silvanus alitangaza kwamba msemaji angechaguliwa saa ile ile, kwa namna kila mmoja atakavyoizungumzia picha.

Dionisia alisimama wa kwanza. Alikuwa binti wa miaka kumi na miwili, na tangu darasa la kwanza hapakuwa na mtu aliyempita katika mtihani wowote. Alieleza kwamba Zuhura hujizungusha kinyumenyume, hivyo jua lake huchomoza magharibi. Kwamba hutumia siku mia mbili arobaini na tatu za Dunia kujizungusha mara moja, ilhali hulizunguka jua kwa siku mia mbili ishirini na tano, hata mzunguko wake mmoja ukawa mrefu kuliko mwaka wake. Kwamba joto lake huyeyusha risasi. Na kwamba mawingu yake ni ya asidi iliyotokana na salfa, ule unga wa njano ambao wazazi wao huipulizia mikorosho kuikinga na ugonjwa wa ubwiri. Hakukosea hata tarakimu moja. Aliketi akiwa na hakika kwamba jambo limekwisha.

Ndipo Mwanawetu akanyoosha mkono. Mwanawetu alikuwa ametoka kijiji cha Nambilanje mwanzoni mwa mwaka, akaishi na shangazi yake, na alikuwa mtu wa kusikiliza zaidi kuliko kusema. Hakueleza lolote. Aliuliza.

"Mwalimu, mawe ni ya rangi ya chungwa, nimekubali. Na chuma cha chombo je? Nacho kiliondoka Duniani kikiwa cha rangi ya chungwa?"

Mwalimu Silvanus aliiweka chaki chini. Akasema kwamba swali hilo ndilo walilojiuliza wataalamu wenyewe. Chombo kile kilikuwa kimebeba kibao cha rangi zilizojulikana, na katika picha hata rangi hizo zilibadilika. Wataalamu wakapima zilibadilika kwa kiasi gani, wakaliondoa badiliko hilo katika picha ya mawe, na mawe yakatokea ya kijivu. Hewa ya Zuhura ni nzito mno. Huuchuja mwanga wa bluu juu kwa juu, na unaofika chini ni wa rangi ya chungwa tu. Mawe hayakuwa na rangi ile. Yalikuwa yamevikwa.

"Msemaji wetu ni Mwanawetu," akasema. "Dionisia atafuatana naye, na atashika picha."

Darasa lilipiga makofi. Dionisia naye alipiga, mara mbili.

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Kushika picha ni kazi ya msumari, alijiambia, na msumari hausomi. Aliwanong'oneza wasichana kisimani kwamba swali lile halikuwa la Mwanawetu, bali alilipata kwa kaka yake aliye Dar es Salaam, kwa simu. Hakuwa na ushahidi wowote, na alijua kwamba hana. Mwanawetu alipocheka alimwona anamcheka yeye, na aliponyamaza alimwona anaringa. Zaidi ya yote alishikilia jambo moja: mawe yale yalikuwa ya rangi ya chungwa, maana kila mwenye macho aliyaona hivyo, na mtu anayekana alichokiona hafai kuwa msemaji wa shule.

Mwanawetu kwa upande wake alikuwa na shida ya kweli. Mwalimu aliwaonya kwamba waamuzi wa Ruangwa hawapokei maneno matupu; humuuliza msemaji amejuaje, na humtaka aoneshe kwa kitu cha nyumbani. Mwanawetu alijaribu kufunika boksi kwa khanga ya njano ya shangazi yake, akachungulia kwa tundu. Ndani mlikuwa na giza. Siku ya Jumatano alimfuata Dionisia wakati wa mapumziko akamwomba shauri, kwa kuwa, alisema, hakuna aliyesoma vitabu vingi kumzidi.

"Sijui," Dionisia alijibu. Na siku hiyo lilikuwa jibu la kweli.

Jumamosi ikanyesha manyunyu. Ulikuwa msimu wa korosho, na Mzee Saturnini, baba yake Dionisia, alikuwa na magunia mawili ya kupeleka ghala la chama cha msingi cha wakulima. Kabla ya kupelekwa, korosho ni lazima zichambuliwe: zilizo safi, za kijivu chenye kung'aa, huwekwa kando, na zile zilizoingiwa na unyevu au maji ya mabibo, zikapata madoa ya kahawia, hutengwa. Desturi ni kuchambua uwanjani, mwanga wa jua ukiwa wazi. Lakini mvua haina adabu. Turubai lao la zamani lilikuwa limeoza, na Mzee Saturnini alikuwa ameleta jipya kutoka Nachingwea mjini, la rangi ya chungwa. Akalitanda juu ya miti minne, likashuka pande zote, na kazi ya kuchambua akamwachia Dionisia, akisema kwamba nyumba nzima haina macho kama yake.

Sifa hiyo ilimtuliza kuliko dawa. Alichambua tangu asubuhi hadi adhuhuri, akijisemea kwamba huyo Mwanawetu hata korosho mbovu asingeitambua. Aliona ajabu kidogo kwamba mwaka huo korosho mbovu zilikuwa chache sana. Akahesabu kuwa ni baraka.

Jumatatu baada ya masomo alifuatana na baba yake ghalani. Mkaguzi wa chama aliitwa Masoudi, mtu wa maneno mengi na mtani wa baba yake kwa kabila. Alimwaga gunia juani, akatazama, akachota kwa viganja viwili, akatazama tena.

"Mtani wangu," alisema, "hizi mmezichambua mmelala? Au mlidhani Masoudi amezeeka haoni?"

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Dionisia aliinama, na alichokiona kilimtoa jasho. Katika kila korosho tano, moja ilikuwa na doa la kahawia, wazi kabisa, pana kama ukucha. Mzee Saturnini hakujitetea. Alizoa korosho zake mbele za watu, akafunga magunia, akayarudisha nyumbani. Mtu aliyekuwa mzee wa kanisa, ambaye hajawahi kutuhumiwa kuchanganya hata kibaba cha ufuta, alipita katikati ya watu wanaocheka bila kuinua kichwa. Walipofika uwanjani ndipo akamuuliza binti yake kwa sauti ya chini macho yake yalikuwa wapi.

"Baba, niliziona zote sawasawa," Dionisia alisema. "Naapa niliziona sawasawa."

"Usiape. Nioneshe."

Wakaingia chini ya turubai na gunia. Mzee akachukua korosho moja safi na moja yenye doa, akaziweka katika kiganja cha binti. Dionisia akazitazama. Zilikuwa sawasawa. Akatoka nazo juani, na doa likatokea kana kwamba limepakwa saa ile. Akarudi chini ya turubai, doa likatoweka. Hapo akaitazama blauzi yake ya shule. Alijua kuwa ni nyeupe, na baada ya kukaa humo dakika chache aliiona nyeupe. Lakini ukingo wa mkono wake ulipochomoza nje kwenye jua, aliona upande wa ndani ni wa chungwa na upande wa nje ndio mweupe. Jicho lake lilikuwa limeuzoea mwanga wa turubai hata likasahau kwamba una rangi. Na katika mwanga usio na bluu, kijivu na kahawia hurudisha machoni rangi ile ile moja.

Akakumbuka chuma cha chombo katika picha. Mwanawetu alikuwa sahihi. Aliielewa Zuhura yote kwa mara ya kwanza, na haikumfurahisha hata kidogo. Ilimuuma kwamba hata mvua na turubai la baba yake vilikuwa vimesimama upande wa Mwanawetu.

Walichambua upya juani kwa siku mbili, na Masoudi akazipokea bila mzaha. Lakini moyoni mwa Dionisia lilikuwa limeota jambo lingine. Yeye peke yake ndiye aliyejua jinsi ya kuonesha kile ambacho Mwanawetu aliweza kukisema tu. Siku ya Alhamisi Mwanawetu alimjia tena. Alimpa pole kwanza kwa mkasa wa ghalani, kwa maana habari ilikuwa imefika hadi kwa shangazi yake. Kisha akasema kwamba zimebaki siku mbili, hajapata njia, na anaogopa kuiaibisha shule. Je, Dionisia hakuwa na wazo lolote?

Dionisia alitazama pembeni. "Sijui," akasema.

Jioni ile alimwomba baba yake kipande cha turubai, kile kilichozidi pembeni, akasema ni kwa kazi ya shule. Mzee Saturnini alimkatia kipande kikubwa cha kufunika watu wawili, akasema kwamba mwenzake atashukuru. Dionisia alikikunja kipande kile, akafunga ndani yake korosho kumi, tano safi na tano zenye madoa, akavificha chini kabisa ya mfuko wake. Shauri lake lilikuwa hili: angengoja Mwanawetu aulizwe, angengoja akwame, angengoja watu wote wamwone amekwama. Ndipo angesimama.

Jumamosi ilikuwa ya jua kali. Maonesho yalifanyika katika uwanja wa shule moja mjini Ruangwa, na mwenyekiti wa waamuzi alikuwa Bi Hajra, mwalimu mstaafu aliyefundisha karibu nusu ya wazazi waliokuwapo. Mwanawetu alisema vizuri mno. Alieleza hewa nzito, na mwanga unaochujwa, na mawe ya kijivu yaliyovikwa rangi isiyo yao. Dionisia alisimama nyuma yake ameshika picha kwa mikono miwili, na kila sentensi nzuri ilimchoma, maana alijua kwamba yeye asingeisema hivyo.

Bi Hajra aliuliza kama alivyotazamiwa. Mawe katika picha ni ya rangi ya chungwa. Msemaji anasema ni ya kijivu. Angewezaje kumsadikisha mwanamke mkaidi wa Ruangwa kwamba macho yake yanamdanganya?

Mwanawetu alijibu kuhusu kibao cha rangi. Bi Hajra akasema kibao kiko Zuhura, naye yuko Ruangwa. Aoneshwe hapo hapo. Mwanawetu akafungua mdomo, akaufunga. Mtoto mmoja wa shule nyingine akacheka puani. Hiyo ndiyo saa ambayo Dionisia alikuwa ameingoja, na alishangaa kuona kwamba haina utamu aliouwazia, lakini hakuiacha. Akaiweka picha chini, akasogea mbele, akaomba ruhusa ya kumwonesha mwenyekiti.

Akamketisha Bi Hajra kwenye kiti katikati ya uwanja, akamweka mapajani karatasi nyeupe na korosho kumi, akapiga magoti mbele yake, kisha akajifunika pamoja naye kwa turubai mpaka chini. Uwanja mzima ukacheka. Sauti moja ikasema kwamba mwenyekiti amefungiwa kwenye tenga kama kuku anayeatamia. Ndani ya turubai, watu walisikia Dionisia akitoa shikamoo, akiuliza hali ya nyumbani, na hali ya wajukuu, na kama mvua za Ruangwa zimefaa mashamba, na kama miguu ya mwenyekiti haimsumbui. Salamu zilikuwa ndefu hata wengine wakaona ni za kupita kiasi. Mwishowe akauliza, "Bibi, karatasi hii ina rangi gani?"

"Nyeupe. Naona vizuri, sijapofuka."

"Sasa nitolee korosho mbovu, Bibi."

Zikasikika korosho zikigongana. "Hakuna mbovu hapa. Zote ni safi."

Dionisia akalivuta turubai. Bi Hajra akafumba macho kwa ukali wa jua, akayafumbua, akatazama mapajani. Tano zilikuwa na madoa. Mwanamke aliyezaliwa na kukua katikati ya mikorosho hakuziona. Akazigeuza moja moja kwa kidole, na watu wakasogea mbele kuona, na makofi yakaanza polepole, yakazidi kuwa makubwa.

Dionisia aliyapokea akiwa amesimama wima. Kwa muda wa pumzi tatu au nne alikuwa na kila kitu alichokitaka.

"Umenifundisha kitu," Bi Hajra alisema. "Ulikijua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Na msemaji wenu hakukijua hata leo?"

Makofi yalikoma. Mwalimu Silvanus alikuwa amemkazia macho. Mwanawetu naye alimtazama, si kwa hasira, bali kama mtu anayehesabu siku: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Dionisia aliona wazi kwamba uongo mdogo ungemtosha. Angeweza kusema amesahau, au hapakuwa na nafasi, na hakuna ambaye angeweza kumpinga ila mmoja.

"Aliniuliza Alhamisi," alisema. "Nilimnyima. Nilitaka akwame."

Bi Hajra aliinuka, akakung'uta khanga yake. "Umenifundisha mimi nisiyekujua," alisema, "ukamnyima uliyeketi naye darasa moja. Rudi ukashike picha."

Shule ilipita, ikachaguliwa kwenda maonesho ya mkoa, Lindi. Waamuzi walitamka kwamba msemaji ataendelea kuwa Mwanawetu, kwa kuwa swali ndilo lililofungua mlango, na kwamba onesho la korosho litafanywa na Mwanawetu huyo huyo. Safari ya kurudi Kiegei Mwanawetu alikaa kiti cha mbele na Mwalimu. Dionisia alikaa nyuma. Alimwambia baba yake yote jioni hiyo hiyo, kabla hajaambiwa na wengine. Mzee Saturnini alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia amwombe radhi mwenzake, na asingoje kuulizwa.

Alimwomba Jumatatu mbele ya darasa. Mwanawetu alisema amesikia. Kisha akafungua daftari lake.

Lakini Jumatano, wakati wa mapumziko, Mwanawetu alikuja nyuma ya darasa alipoketi Dionisia peke yake. Alikuwa na kipande kile cha turubai kwapani na korosho katika kopo.

"Sikuja kufanya urafiki," alisema. "Kazi ya korosho naifanya kama ulivyoifanya, inakataa. Jana nilimfunika shangazi, akaniambia hapo hapo kwamba humu ndani mna rangi ya chungwa, na karatasi ni ya chungwa. Hakudanganyika hata kidogo."

Dionisia alijua sababu mara moja. Aliijua peke yake. Hata Mwalimu Silvanus hakuwa ameigundua. Aliuona uso wa Mwanawetu, ule uso mtulivu ambao ungesimama Lindi mbele ya mkoa mzima, na wivu ukampanda upya, mkali kama siku ya kwanza. Angeweza kusema kwamba pengine jua lilikuwa hafifu. Mwanawetu angeamini.

"Ulimuuliza mapema mno," alisema. "Jicho linahitaji muda wa kuuzoea mwanga. Dakika tatu, au nne. Kabla ya hapo huona rangi ilivyo, baada ya hapo huisahau."

"Lakini Ruangwa hukungoja."

"Nilingoja. Zile salamu."

Mwanawetu akatandaza khanga chini, akaketi, akajifunika turubai kichwani. Dionisia akaona mwanga mweupe unapenya nyuma, penye shingo, akainuka, akalishusha turubai upande ule mpaka likagusa ardhi.

"Nisalimie basi," Mwanawetu alisema ndani ya turubai.

Dionisia alipiga magoti kwenye mchanga, akamsalimia, akaanza kumuuliza habari za Nambilanje, mtu mmoja baada ya mwingine.